Ndoo Nne za Kijivu

Pikapu ilisimama mbele ya nyumba ya Theopista saa nne asubuhi ya Jumanne, ikashusha ndoo nne za rangi kabla ya kushusha watu. Ndoo zikapangwa barazani kama wageni waliokuja kulala. Ndipo akashuka Rwekaza, mdogo wa marehemu Kaijage, amevaa kofia yake ya mnadani, na nyuma yake mkewe Evelyne, ameinua sketi utadhani pale kijijini Kagoma kuna mafuriko. Juu ya ngazi iliyolazwa kwenye bodi alikaa fundi mwembamba wa Bukoba mjini, jina lake Datius, suruali yake ina rangi nyingi kuliko duka.

Theopista alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Ulikuwa mwaka wake wa pili wa ujane.

"Karibuni, waitu. Sikusikia simu."

"Nyumbani kwa kaka yangu nipige simu ya nini," alisema Rwekaza, na Theopista akajua siku hiyo itakuwa ndefu.

Akawaletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyoletewa mgeni yeyote anayekaribishwa kwa moyo. Rwekaza alichukua buni mbili akazitia mfukoni mwa shati. Evelyne aliinua kiganja akasema daktari amemkataza. Daktari gani, na kahawa imemkosea nini, hakusema. Datius peke yake alichota, akatafuna, akashukuru kwa Kihaya.

"Jumamosi ukoo unakaa hapa," alisema Rwekaza, akitazama kuta badala ya kumtazama shemeji yake. "Mzee Kagaruki anakuja, na Mwalimu Kamugisha na daftari lake. Tunamteua msimamizi wa mirathi, muhtasari uende mahakama ya mwanzo, tumalize. Sasa wazee wakute nyumba katika hali hii? Watasema Kaijage hakuwa na ndugu."

"Kwa hiyo umeleta rangi."

"Nimeleta rangi, nimeleta na fundi. Na kuchagua uchague wewe mwenyewe. Sisi hatumlazimishi mtu."

Evelyne akatoa kwenye mkoba kitabu kidogo cha rangi cha dukani, kile chenye vipande vinavyofunguka kama upepeo. Kilikuwa kimekunjwa tayari kwenye ukurasa mmoja. Akaweka kucha yake ndefu juu ya vipande viwili.

"Hii wanaiita jivu la asubuhi. Hii ni ukungu wa ziwa. Chagua, shemeji."

Theopista alikichukua kitabu akakitazama juani, akarudi kivulini akakitazama tena.

"Zina tofauti gani?"

"Hii ya kwanza imetulia."

"Na ile ya pili inahangaika?"

Datius aligeukia ukuta akakohoa kwa muda mrefu kidogo.

"Nikichagua hii ya ukungu?" aliuliza Theopista.

Evelyne alizitazama ndoo, akamtazama mumewe. "Ndoo zote nne ni jivu la asubuhi."

"Basi nimechagua jivu la asubuhi," alisema Theopista, akarudisha kitabu kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Na milango?"

"Milango, fremu za madirisha na nguzo tutapaka rangi ya machungwa. Kama kwetu kwenye gesti. Mtu akipita barabarani anajua."

"Anajua nini?"

Gesti ya Rwekaza pale Bukoba mjini kila mtu aliijua, kijivu na machungwa, unaiona kabla hujafika kituoni.

"Mimi nilifikiria krimu juu," alisema Theopista polepole, "na huku chini ukanda wa damu ya mzee. Udongo wetu ni mwekundu, mvua ikipiga unarukia ukutani. Damu ya mzee inaficha."

"Damu ya mzee?" Evelyne alicheka kwa pua. "Mama, hiyo ni rangi ya shule ya msingi."

"Na mimi ndiko nilikoishia."

Evelyne hakucheka tena. Akatoa futi ya kushonea akaanza kupima madirisha kwa ajili ya mapazia, dirisha baada ya dirisha, anaingia chumba hadi chumba bila kubisha, anataja vipimo kwa sauti na mumewe anaandika kwenye simu. Alipofika chumba alichofia Kaijage akapima na kitanda.

Wakati wa kuondoka Rwekaza alimgusa Theopista bega.

"Wewe ni mtu mmoja. Vyumba vinne vinakuchosha bure kufagia. Kile cha uani kinakutosha, kina joto la jikoni." Halafu akamgeukia fundi. "Kwangua mpaka kwenye lipu. Nataka kazi ya mjini. Sitaki kuona hata doa la zamani."

Pikapu ikaondoka. Theopista alibaki barazani na ndoo nne, ngazi, fundi mmoja na kikapu cha kahawa ambacho kilikuwa bado kimejaa.

Mchana huo huo jirani yake Kokubanza alikatiza migombani akiwa na sahani ya senene, wale panzi wa kukaanga, kwa sababu ulikuwa msimu, na kwa sababu alikuwa ameiona pikapu. Kokubanza hakuwa mtu wa kuiona pikapu akabaki kwake.

"Walianza na bati," alisema kabla hata hajaketi.

"Nani?"

"Kwa Dativa, bondeni. Shemeji yake alikuja na bati mpya. Dativa akashangilia, akapika. Siku ya ukoo jamaa akasimama akasema, mimi ndiye ninayeitunza nyumba hii, tazameni juu. Wazee wakatazama juu. Wakaandika jina lake. Sasa hivi Dativa analala kwa kaka yake kisiwani Bumbire, anaanika dagaa za watu."

"Najua."

"Unajua na umekubali?"

"Ningekataa ingekuwaje? Jumamosi angesimama akasema, nilileta rangi, mwanamke huyu akaifukuza, hataki nyumba ya marehemu ipendeze. Wewe ungekuwa Kagaruki ungeandika jina la nani?"

Kokubanza alitafuna senene akifikiri. "Ningeandika la Rwekaza," alikubali kwa huzuni, "halafu ningekunywa rubisi yake."

Simu ya Joanitha iliingia hapo hapo. Binti huyo, mtoto pekee wa Kaijage na Theopista, alikuwa muuguzi Bukoba, na habari ya pikapu ilikuwa imemfikia kabla pikapu yenyewe haijarudi mjini.

"Mama, mfukuze huyo fundi leo. Nakuja na mwanasheria."

"Njoo na mchele. Mwanasheria wako wa kazi gani? Jumamosi hawasomi sheria, wanasoma daftari."

"Baba mdogo anataka nyumba, Mama, usijifanye huoni. Baba hakuacha wosia. Wakiandika jina lake kwenye huo muhtasari, tutatumia miaka mahakamani kuufuta."

"Naona, mwanangu. Nimeona mkewe anapima kitanda cha baba yako."

Joanitha akauliza kwa sauti ndogo, "Na wewe ulifanya nini?"

"Nilimshikia futi," alisema Theopista. "Ilikuwa inateleza."

Alikata simu, akasimama, akamwendea fundi aliyekuwa anafunga ngazi yake mbele ya mlango mkubwa. Mkononi alikuwa na skrepa, kile kibapa cha chuma cha kukwangulia, na alikuwa amekwisha kukwangua kipande kama kiganja karibu na dirisha.

"Mama," alisema Datius, "huu ukuta umevaa nguo nyingi. Nyumba nyingine nakuta koti moja, hapa kuna gauni, kuna shimizi. Itanichukua siku."

Theopista akasogea. Alitazama kile kiganja cha ukuta kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kitabu cha Evelyne. Akakigusa kwa kidole.

"Fundi, anza nyuma."

"Bosi kasema mbele kwanza. Ijumaa anakuja kukagua."

"Jumamosi wazee wanakaa hapa mbele. Ukikwangua hapa leo na kesho, vumbi lote liko kwenye baraza na viti. Anza nyuma, njoo pembeni, mbele iwe ya mwisho."

"Atanigombeza, Mama. Nimelipwa nusu tu."

"Umekula?"

Hakuwa amekula. Theopista alimpakulia ndizi na maharage na senene za Kokubanza juu yake, akakaa kando ya sahani mpaka ikaisha. Mtu aliyeshiba ni vigumu kubishana naye, lakini ni vigumu zaidi yeye kubishana na aliyempakulia. Datius akabeba ngazi akaipeleka nyuma.

Kwa siku mbili nyumba ililia krii, krii, krii. Vumbi la rangi lilianguka chini kama unga, na kuku wakatembea nalo kote uani. Alhamisi mchana Datius alikuwa amemaliza nyuma na ubavu mmoja, kumebaki lipu tupu ya kahawia, kavu, kama mtu aliyenyolewa kabla ya maziko. Theopista alipopita pale na ndoo ya maji alitembea haraka bila kutazama. Kitu kimoja alikiogopa, na hakumwambia hata Kokubanza: kwamba fundi atakwenda mbio kuliko siku zilizobaki.

Ijumaa asubuhi Rwekaza hakuja, akapiga simu. Datius aliweka simu sikioni akasogea migombani, lakini sauti ya Rwekaza ilikuwa ya mnadani kama kofia yake.

"Mbele vipi?"

"Nyuma ilishika sana, bosi. Leo naingia mbele."

"Nakuja kesho saa mbili. Nikute mbele imekwanguliwa yote na koti la kwanza limepita. Wazee waone kijivu. Sikiliza, wewe, kijivu kisipoonekana nusu yako nyingine huioni."

Datius alirudi amenyong'onyea. Akafungua ndoo moja, akaikoroga kwa mti, akaiacha. Akafungua begi lake kutafuta msasa, na pamoja na msasa kikatoka kipande kikubwa cha boksi kilichokatwa herufi, zile za kupitishia brashi ili maandishi yatokee ukutani. Alikigeuza haraka. Theopista alikuwa amekwisha kusoma. Shule ya msingi inatosha kwa herufi kubwa.

GESTI HAUSI. VYUMBA VIPO.

"Hicho ni cha wapi?" aliuliza.

Datius alitazama viatu vyake. "Ni cha Jumapili, Mama. Baada ya kikao. Alisema nisikitoe."

Theopista alikaa kwenye ngazi ya baraza. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne mikono yake ilikosa kazi. Mbele yake kulikuwa na njia, mibuni na migomba, na upande wa kushoto kaburi la Kaijage lenye vigae vyeupe, ambalo lingekuwa uani kwa wageni wa gesti, wakianikia taulo juu yake. Yote hayo yalikuwa kwenye kipande cha boksi.

"Fundi, una mke?"

"Ninaye. Yuko Mugana."

"Ukifa kesho, nyumba yenu ataiandika nani?"

Datius alichukua skrepa akaanza kukwangua upande wa mbele, kutokea pembe ya mbali kabisa, polepole, anapuliza vumbi kila mara kama mtu anayesafisha kidonda cha mtoto. Jioni ilipofika alikuwa amesogea hatua tatu, na kile kiganja cha dirishani amekimaliza mpaka lipu. Mlango mkubwa na ukuta ulio kando yake vilikuwa bado vimevaa krimu yake.

Jumamosi Rwekaza alifika saa mbili kamili na kreti za soda na jerikeni la rubisi, pombe ya ndizi. Alipouona ukuta akasimama, akamvuta Datius kando. Alisema maneno machache sana karibu sana na uso wake. Lakini Mzee Kagaruki, mwenyekiti wa ukoo, alikuwa amekwisha kushuka kwenye pikipiki akifuta miwani, na mbele ya Kagaruki mtu hagombezi fundi.

Wakakaa watu kama ishirini. Wanaume kwenye viti na mabenchi, wanawake kwenye mkeka kando ya mlango. Kiti cha Theopista, kile cha mti alichokikalia kila jioni, Evelyne alikuwa amekikalia tayari, mkoba mapajani. Theopista alitafuta pa kukaa mbele ya nyumba yake mwenyewe, akakaa kwenye pembe ya mkeka, Kokubanza akamsogezea goti. Joanitha alifika mwisho na mfuko wa mchele, akaketi nyuma ya mama yake bila kumsalimu Rwekaza, na wote waliliona hilo.

Kikapu cha kahawa kilizunguka. Kagaruki akatafuna. Mwalimu Kamugisha, katibu wa ukoo, mstaafu aliyeandika kila kitu kana kwamba mkaguzi yuko njiani, akafungua daftari akapiga mstari kwa rula. Sala ikasomwa. Agenda ilikuwa moja.

Rwekaza akasimama.

"Wazee wangu, sitaki kuwachosha. Nyumba hii naitunza mimi. Si tangu kaka afariki, tangu yuko hai. Alipougua, nani alipaka rangi hii ya krimu mnayoiona? Mimi. Na iliyokuwa kabla yake, na kabla ya hiyo, nilileta mimi kutoka Bukoba, kimyakimya, sikutaka sifa. Na leo mnaona nimeleta nyingine. Shemeji yangu ni shahidi. Ni mtu wa shukrani, hatabisha. Mimi nasema mwenye kutunza ndiye asimamie. Yeye tutamtunza pia, nafasi ya uani ipo."

Wazee wawili walitikisa vichwa kukubali. Kalamu ya Kamugisha ilikimbia. Kagaruki alitazama upande wa jikoni, kulikonukia nyama.

"Imeeleweka," alisema. "Kuna mwenye neno? Muka Kaijage, mke wa marehemu, una neno?"

Joanitha alitaka kuinuka. Mama yake akamkalia pindo la kitenge.

"Ninalo dogo," alisema Theopista, bila kusimama. "Namshukuru shemeji kwa hizo rangi zote. Mwalimu ameandika?"

"Nimeandika. 'Amepaka rangi mara kadhaa.'"

"Hilo 'mara kadhaa' ni shukrani nyembamba. Hakimu atauliza, ngapi, zipi. Mimi nimezeeka, nasahau. Shemeji atukumbushe tu uandike. Chini ya hii krimu, ulileta rangi gani?"

Rwekaza alitabasamu, akavua kofia, akaivaa tena.

"Sasa kikao cha mirathi kinahusika nini na mambo ya rangi?"

"Umeyaleta wewe," alisema Kamugisha, kalamu hewani.

"Jibu tu, Rwekaza, tuendelee," alisema Kagaruki. "Nyama itaungua."

Rwekaza alitazama ukuta. Krimu ilikuwa krimu, haikumwambia kitu. Alitazama nyuma ya nyumba, lakini huko fundi wake mwenyewe alikuwa ameondoa kila kitu mpaka lipu, kazi ya mjini.

"Nyeupe," alisema. "Si zamani nyumba zote zilikuwa nyeupe?"

"Andika nyeupe, Mwalimu," alisema Theopista. "Fundi, baba, hebu."

Watu wote wakamgeukia Datius, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo.

"Datius, kaa hapo hapo," alisema Rwekaza.

Datius alikuwa amenyanyuka nusu. Akabaki hivyo, magoti yamekunjwa, skrepa mkononi, na nusu ya malipo yake imesimama mbele yake na kofia.

"Kwani hukumleta akwangue?" aliuliza Kagaruki. "Si ndiyo kazi yake? Basi akwangue."

Datius akaenda mpaka kando ya mlango. Krii. Alifanya taratibu, hakuisukuma skrepa, aliilaza. Krimu ikadondoka kwa vipande vidogo, na chini yake ikatokea bluu, ile ya anga baada ya mvua.

Mkeka mzima ukaguna.

"Hiyo bluu naijua mimi," alisema Kagaruki. Aliinuka kwenye kiti, jambo ambalo halikuwa rahisi kwake, akasogea na miwani. "Hii ni bluu ya kanisa letu. Makopo yaliyobaki niligawa mimi kwa mkono wangu, nikiwa mzee wa kanisa. Niliwapa kina mama walioosha sakafu siku tatu." Akamgeukia Rwekaza. "Wewe uliosha sakafu?"

Kuna mtu alicheka nyuma ya benchi akajifanya anapiga chafya.

"Nilisahau hiyo," alisema Rwekaza. "Ni zamani. Lakini chini ya hiyo ni nyeupe."

"Andika tena nyeupe, Mwalimu," alisema Theopista.

Krii. Chini ya bluu kukatokea pinki. Haikuwa pinki ya aibu, ilikuwa pinki kamili, kama ulimi.

Kokubanza alijipiga paja. "Bwana harusi," alisema, na wanawake wa mkekani wakaangukiana, kwa sababu wote walikumbuka. Mwaka ule vanila ilipanda bei, Theopista aliuza ya kwake akanunua rangi nyekundu, akaiona kali, akaichanganya na chokaa mpaka ikawa hivyo, na Kaijage, mtu mkubwa mwenye ndevu, aliishi kwenye nyumba ya pinki miaka minane akiitwa bwana harusi kila alipokwenda kunywa. Hata Kagaruki alicheka. Hata mmoja wa wale wazee wawili.

"Mpeni mara ya tatu," alisema Kokubanza. "Safari hii ni nyeupe kweli, mimi namwibia jibu."

Rwekaza alivua tena kofia. Evelyne alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba, anatafuta, anatafuta.

Krii. Ikatokea chokaa, nyeupe, ya kale. Na sasa kwa kuwa kipande kilikuwa kimefunguka upana wa sinia, kila mtu aliona kitu kingine: ufa ulioshuka kutoka juu ya mlango, ukipita kwenye chokaa, kwenye pinki, kwenye bluu, umejazwa saruji kwa mstari uliopinda, mstari wa mtu asiye fundi. Krimu peke yake ndiyo iliyokuwa juu yake.

Kicheko kikapungua chenyewe.

"Chokaa tulipaka mwaka ilipozama meli," alisema Theopista. Hakuwa anamwambia mtu mmoja. "Tulipotoka kwenye matanga. Na huo ufa ni wa tetemeko. Kaijage alikuwa amelazwa Bukoba, huyu binti anamuuguza. Nilikupigia simu, shemeji. Nilikuambia nyumba ya kaka yako imepasuka, naogopa kulala ndani. Ulisema hata gesti yako ina nyufa, kila mtu ashike zake. Sikukulaumu. Nikashika zangu. Niliziba kwa kijiko cha kupakulia, saruji ikanila vidole, nikapaka krimu juu ili akirudi asione." Akavitazama vidole vyake. "Alirudi. Hakuona."

Joanitha alikuwa ameinamisha uso kwenye mgongo wa mama yake.

Rwekaza alikaa. Alitoa mfukoni mwa shati zile buni mbili za Jumanne akazitazama, akazirudisha.

"Mwenyekiti," alisema Kamugisha, "niandike jina gani?"

Kagaruki alirudi kitini. Hakuwa mtu wa kupenda wanawake waandikwe. Alikuwa ameshiriki kuandika bati la kwa Dativa, na rubisi ya leo alikuwa ameionja tayari. Lakini muhtasari ungekuwa na saini yake, na katika muhtasari huo huo kulikuwa na bluu aliyoigawa yeye.

"Andika Theopista," alisema. "Wa pili andika binti. Sheria ya siku hizi inaruhusu. Na mimi siwezi kwenda kuapa mahakamani juu ya mtu anayetunza nyumba asiyoijua rangi."

Saini zilizunguka pamoja na kikapu. Rwekaza alitia ya kwake mwisho, ndogo sana, chini kabisa pembeni, mpaka Kamugisha akamwambia airudie isomeke.

Kabla nyama haijapakuliwa pikapu ilikuwa imepakia kreti, jerikeni na ndoo tatu. Ya nne ilikuwa imefunguliwa, na rangi iliyofunguliwa duka halirudishiwi. Evelyne aliacha na kopo la machungwa walilokuja nalo asubuhi hiyo, kwa sababu kifuniko kilikuwa kinavuja na yeye alikuwa na sketi nzuri. Datius hawakumpakia. Alisimama njiani na ngazi yake, akaangalia vumbi, halafu akarudi barazani kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda na chakula kilikuwa kinanukia.

"Nusu yangu ndiyo imekwenda," alisema.

"Jumatatu uza mkungu wangu na kuku wawili, upate sehemu ya hiyo nusu. Nyingine tutaelewana," alisema Theopista. Alikuwa amekalia kiti chake.

"Sasa, Mama." Datius alitazama nyumba ile, nyuma na ubavu viko uchi, mbele ina kiraka cha rangi nne kando ya mlango. "Tunapaka rangi gani?"

Theopista alifungua mdomo kujibu mara moja, halafu akaufunga. Jumanne alikuwa na jibu mkononi. Lakini hapa ndipo alipoulizwa kweli, na mtu aliyekuwa anasubiri kusikia, akatazama kwanza mibuni.

"Krimu," alisema mwisho. "Chini damu ya mzee, mpaka hapa gotini. Mlango mkubwa uwe pinki."

"Pinki, Mama?" alisema Joanitha.

"Baba yako aliizoea. Na hicho kiraka ukizunguke, fundi, usikiguse."

"Na hii ndoo ya jivu la asubuhi?"

Theopista aliitazama ndoo. Akatazama na lile kopo la machungwa, halafu begi la fundi, pale lilipotokeza pembe ya boksi. Akatazama mpaka mwisho wa ua, nyuma ya migomba, kilipo choo cha vyumba viwili ambacho hakijawahi kupakwa kitu tangu kijengwe. Kokubanza alifuata macho yake, akaanza kutetemeka mabega.

Pasaka Rwekaza alikuja kusalimia, peke yake, bila kofia. Aliletewa kahawa, akatafuna. Waliongea habari za mvua na bei ya buni, na hakuna aliyemkumbusha kitu. Baadaye alisogea kitini, akauliza kwa sauti ya chini choo siku hizi kiko wapi.

"Pita nyuma ya migomba, shemeji," alisema Theopista. "Huwezi kupotea. Tumekiandika."